Vumbi la Kijivu Nyuma ya Jiko

Fundi wa betri mwenye suruali isiyo na matundu bado hajaanza kazi. Hivyo ndivyo Mzee Onsongo alivyoniambia siku niliyoingia katika kibanda chake mjini Kisii, nikiwa nimevaa suruali mpya ambayo mama alininunulia ili nionekane mtu wa maana. Kufikia Ijumaa suruali ilikuwa chujio. Tone la asidi halina kelele. Unaliona, unalipangusa, unasahau. Siku ya kufua, kitambaa kinaondoka na maji.

Ninyi vijana mnaosomea umeme wa sola mmenikuta nimestaafu, nimekaa mbele ya nyumba yangu hapa Marani. Mnaniuliza habari za betri, nami nawajibu ya juu juu. Mmoja wenu aliniuliza kwa nini niliacha kuyeyusha na kufungua betri mapema, kabla hata stima haijafika huku milimani, wakati kila mwenye redio alikuwa akinitafuta. Nilimwambia mgongo ulikuwa unaniuma. Nilimdanganya. Leo naandika jibu lenyewe, na kwa kuwa siwezi kulieleza bila kueleza betri, nitaanza na betri.

Mzee Onsongo alikuwa ameishia darasa la saba, lakini alijua kufundisha kuliko watu wengi wenye vyeti. Siku tatu alinikataza kugusa betri ya gari. Siku ya nne aliweka mezani mitungi miwili ya jemu. Wa kwanza aliutia maji ya chumvi na kipande cha zinki alichokikata kwenye ganda la betri ya tochi iliyokufa. Wa pili aliutia maji ya mrututu, ile dawa ya buluu ambayo wazee walinyunyizia kahawa, akatumbukiza humo waya wa shaba aliouviringa. Kisha akaunganisha zinki na shaba kwa waya, katikati akaweka mita ndogo ya mshale. Mshale haukusogea.

"Kwa nini umelala?" akaniuliza.

Nikasema labda mita imeharibika.

Alirarua ukanda wa shati kuukuu, akauloweka katika maji ya chumvi, akaulaza juu ya mitungi, ncha moja huku na nyingine kule. Mshale ukainuka, ukasimama karibu na volti moja.

Alinieleza hivi. Zinki huziachia elektroni zake kwa urahisi kuliko shaba. Chembe ya zinki ikiziacha elektroni zake mbili, yenyewe inageuka kuwa ioni na kupotelea ndani ya maji. Elektroni haziwezi kuogelea, kwa hiyo zinapita njia iliyopo, yaani waya, mpaka kwenye shaba. Huko zinapokewa na ioni za shaba zilizo kwenye maji ya buluu, nazo zinakuwa shaba kamili na kujibandika juu ya waya. Ile safari ya kwenye waya ndiyo umeme. Ukiweka taa katikati, itawaka. Vitabu vyenu vinaita upande unaotoa elektroni anodi na upande unaozipokea kathodi, na si vibaya mkiyajua majina hayo, ila yeye aliyaita mtoaji na mpokeaji na hakuna mteja aliyerudisha betri kwa sababu hiyo.

"Na hicho kitambaa?" nikauliza.

"Elektroni zikiondoka huku na kufika kule, mtungi mmoja unabaki na chanya nyingi na mwingine na hasi nyingi. Kazi inasimama pale pale. Kitambaa kinapitisha ioni za chumvi, kila upande unarudi kwenye usawa. Umeme lazima uzunguke, Ombati. Ukiziba mahali pamoja, umeziba pote."

Tuliiacha mitungi ile mezani siku kadhaa. Zinki ilitoboka kama jani lililoliwa na viwavi. Buluu ilififia. Waya wa shaba ulinenepa, ukaota manyoya mekundu. Kila mwaka nawaona wanafunzi wanaochoma ndimu kwa waya wa shaba na misumari iliyopakwa zinki, kisha wakasema umeme umetoka kwenye ndimu. Ndimu ni maji tu ya kupitishia. Kinacholiwa ni zinki, na zinki ikiisha, hata ukileta ndimu za soko zima taa haitawaka.

Betri ya gari ni jambo lile lile, ila mabamba yake yote ni ya risasi. Sisemi risasi ya bunduki, nasema ile metali nzito, laini, ya kijivu, ambayo sisi mafundi tuliiita ledi. Bamba la hasi ni ledi tupu yenye vinyweleo kama sponji. Bamba la chanya limepakwa ledi iliyokwisha shikana na oksijeni, rangi yake kama kakao. Kati yake kuna asidi ya salfa iliyopunguzwa kwa maji. Betri ikitumika, mabamba yote mawili yanavaa utando mweupe na asidi inabaki maji maji. Ndiyo maana tulipima kwa kile kioo chenye kielea ndani. Kielea kikizama, betri imekwisha nguvu. Ukiichaji, unalazimisha elektroni kurudi zilikotoka, utando unavunjika, asidi inakolea tena. Ukiiacha imekauka nguvu kwa miezi, ule weupe unaganda kuwa jiwe, na hapo hata uichaji mpaka kuku waote meno.

Makosa yangu yalikuwa mengi. Nilimwaga maji ndani ya asidi badala ya asidi ndani ya maji, ikachemka na kunirukia shingoni; alama ninayo. Niliwahi kujaza betri kumi kwa maji ya chemchemi kwa sababu yalikuwa meupe machoni, na zote zikawa zinajimaliza zenyewe rafuni, kwa kuwa maji ya ardhini hubeba madini yake. Mzee Onsongo alinifundisha kukinga mvua kwenye beseni la plastiki katikati ya uwanja, mbali na mabati. Na wateja nao walikuwa na yao. Mwalimu mmoja wa kwaya alisikia kwamba betri za tochi hupata nguvu zikianikwa juani, akaiweka betri ya kinanda kando ya meko usiku kucha. Alipoileta ilikuwa imevimba kama mbuzi aliyekula mahindi. Alisema, kwa upole kabisa, kwamba anadhani imeshiba.

Hayo ndiyo ya kucheka. Sina mengine.

Zamani betri zilifunguliwa. Seli moja ikifa, ulikata kifuniko cha lami, ukatoa mabamba mabovu, ukaweka mengine, ukayeyusha ledi kwenye karai juu ya makaa na kumimina viungo na vichwa vipya vya kufungia waya. Mabamba ya zamani tuliyaponda juu ya jiwe ili kubakiza ledi safi. Unga wake ulipeperuka. Ulikaa kwenye nyusi, kwenye kola, kwenye mkate. Tulikula hapo hapo. Mzee Onsongo aliamini kwamba maziwa huosha ledi tumboni, akawa anakunywa chupa nzima kila siku saa nne, na mimi nikamwiga. Maziwa hayaoshi kitu.

Mikono yake ilianza kulegea nikiwa mwaka wa sita kwake. Aliunyosha mkono, lakini kiganja kiliangukia chini kama jani la mgomba lililovunjika, na hakuweza kukiinua. Tumbo lilimkaza siku nyingi bila kwenda choo. Ufizi wake ulikuwa na mstari wa buluu chini ya meno. Tulisema ni uzee. Alikuwa hajafika miaka hamsini na mitano. Alipokufa, kanisani walisema amechoka na safari, nami nikaitikia amina pamoja na wengine.

Nilichukua vifaa vyake nikahamia nyumbani, Marani. Sikuona haja ya kupanga kibanda sokoni wakati nina uwanja. Nilijenga paa dogo nyuma ya jiko la mke wangu, Nyaboke. Jiwe la kupondea nililiweka pale, karai pale, na betri zikapangwa ukutani. Watu walitoka mpaka Magwagwa kuniletea betri za redio na televisheni, na nilijisikia mtu mkubwa.

Binti yetu Kwamboka alikuwa na miaka mitatu. Nitawaambia alivyokuwa, kwa maana ninyi mnamjua alivyo sasa tu. Alikuwa msemaji. Aliwauliza wageni kama wamenawa mikono. Aliwapa kuku majina ya wazee wa kanisa, na alipomkemea jogoo, Nyaboke alilazimika kuingia ndani kuficha kicheko. Mahali pake pa kucheza palikuwa nyuma ya jiko, karibu nami. Alichota ule unga wa kijivu kwa kifuniko cha kopo, akautia maji, akausonga kwa kijiti, akaniletea.

"Tata, kula obokima," alisema, na mimi nilijifanya ninakula ugali wake, nikausifu, naye akala kidogo kweli, kwa sababu unga ule una utamu. Nilimwona akila. Nilimwambia asile uchafu, nikaendelea na kazi.

Kwanza alipoteza hamu ya chakula. Kisha tumbo. Kisha akawa analia bila sababu na kugonga kichwa ukutani. Maneno yalianza kupungua. Jogoo hakuwa na jina tena. Tulimpa dawa ya minyoo, tukampa dawa ya malaria. Asubuhi moja ya siku ya soko alikuwa kwa jirani yetu Bosibori, akarudi, akaanguka mlangoni, macho yakageuka juu, mwili ukatetemeka mpaka povu likatoka.

Bosibori alikuwa mjane, ua tu kati yake nasi. Alikuwa na shamba dogo la chai, akichuma mwenyewe. Watoto wake walikuwa wameolewa mbali. Nyaboke alipokwenda sokoni, ni yeye aliyekaa na Kwamboka. Siku ile alikuwa amempa ndizi mbivu.

Tulimkimbiza mtoto hospitali mjini. Degedege lilirudi mara tatu. Siku ya pili nilirudi nyumbani kuchukua nguo, nikamkuta kaka yangu mkubwa, Makori, uwanjani kwangu na wanaume wanne. Walikuwa wamekaa kimya, na watu wa kwetu hawakai kimya hivyo wakiwa wamekuja kukupa pole tu.

"Mtoto yukoje?" Makori akauliza.

"Bado."

"Watoto wetu hawana ugonjwa huo, Ombati. Hata baba yetu hakuwa nao. Sema tu. Alikula wapi kabla hajaanguka?"

Nilikuwa nimechoka. Nilikuwa sijalala. Haya si mambo ya kujitetea, nawaambia tu yalivyokuwa.

"Alikula ndizi kwa Bosibori," nikasema.

"Mwenyewe alimpa?"

"Mwenyewe alimpa."

Mmoja wao akasema neno la kwetu, omorogi, polepole, kama mtu anayesoma jina kwenye orodha. Maana yake mchawi. Mimi sikulisema. Wala sikulikana. Nilichukua nguo, nikarudi hospitali.

Kesho yake mchana waliichoma nyumba ya Bosibori. Alikuwa kwenye kituo cha kununulia majani ya chai, amepanga foleni. Mwanamke mwenzake ndiye aliyeuona moshi na kujua ni wa nani. Alimshika mkono akamwambia asigeuke, akamtoa kwa njia ya chini mpaka barabarani. Alikwenda kwa binti yake aliyeolewa Nyamarambe, na kitu pekee alichobeba ni kikapu cha chai mgongoni. Mbuzi wake wawili walikuwa wamefungwa ndani.

Wodini kulikuwa na daktari, mwanamke kijana, ambaye alikuwa akinitazama kuliko alivyomtazama mtoto. Aliniomba nifungue mdomo. Nikashangaa, maana mgonjwa si mimi. Alitazama ufizi wangu kwa tochi.

"Kazi yako ni gani, mzee?"

"Natengeneza betri."

"Wapi?"

"Nyumbani."

Akatoa damu ya mtoto, akatoa na yangu, zikapelekwa Nairobi. Siku nne baada ya moto, alituita mimi na Nyaboke kwenye korido, karatasi mkononi.

"Mtoto wenu ana risasi kwenye damu," akasema.

Nyaboke akashika kifua. "Nani amempiga?"

"Hakupigwa. Ni ledi. Imeingia kwa mdomo, kidogo kidogo, kwa muda mrefu. Kwa mtu mzima inaharibu mikono na tumbo. Kwa mtoto inakwenda kwenye ubongo." Alinitazama. "Mtoto hana budi kuondolewa pale ledi ilipo. Akirudi kwenye uwanja ule, dawa zangu hazina maana."

Nyaboke hakunitazama. Alikuwa anatazama mikono yangu. Alirudi wodini bila kusema neno, na sikumlaumu, wala simlaumu leo.

Tulipokuwa tunajiandaa kurudi, ndipo alipozungumza.

"Baba Kwamboka, tutawaambia nini watu?"

"Kuhusu nini?"

"Unajua kuhusu nini."

Nilisema tungoje mtoto apate nafuu kwanza. Tungoje Makori atulie. Nilikuwa na sababu nyingi nzuri, na kila moja ilikuwa woga. Kusema ni kumwambia ndugu yangu kwamba amechoma nyumba ya mtu asiye na kosa, kwa neno langu. Kusema ni kuwaambia watu wa Marani kwamba aliyemlisha mtoto sumu ni baba yake.

Nilichofanya nilikifanya kimyakimya. Niliuza betri chakavu zote. Nilikwangua udongo wa nyuma ya jiko mpaka kina cha goti, nikauzika mbali na maji, nikamwaga udongo mwingine. Nguo za kazi nilizichoma. Tukamlaza mtoto kwa mama mkwe wangu hadi nilipomaliza. Na mtoto, baada ya dawa na baada ya kuondolewa kwenye unga ule, akaacha kutetemeka. Akaanza kula.

Hapo ndipo palipokuwa na ubaya ambao sikuutarajia. Watu walipiga hesabu yao. Bosibori ameondoka, mtoto amepona. Makori aliniambia mwenyewe, akinipigapiga begani, "Umeona? Alipotoka tu." Kanisani waliomba sala ya shukrani. Nilisimama na Kwamboka mikononi, watu wakaimba, na kila mstari wa wimbo ule uliipigilia misumari nyumba ya Bosibori isijengwe tena.

Miezi minane nilinyamaza.

Kisha Jumapili moja Makori akaja amevaa koti. Upande wa pili wa mto kulikuwa na mtoto mgonjwa, anaanguka kama wetu. Walikuwa wamepata mwanamke mwingine, mzee kuliko Bosibori, asiyesikia vizuri.

"Twende," akasema. "Wewe ndiye ushahidi. Ukawaeleze vile wako alipona."

Nilimwambia anipe dakika moja. Niliingia ndani, nikaitoa ile karatasi ya hospitali chini ya godoro. Nyaboke alikuwa anamenya viazi; aliiona karatasi, akaweka chini kisu, akasema, "Nenda." Hilo tu.

Tulipofika kwa yule mtoto mgonjwa, uwanja ulikuwa umejaa. Yule mwanamke alikuwa amekalishwa kwenye kigoda katikati, anazungusha kichwa kuwatazama wasemaji mdomoni, kwa kuwa hasikii. Makori akanitambulisha. Nikafunua karatasi. Mikono yangu ilikuwa imeanza kulegea wakati ule, ikabidi niishike kwa yote miwili.

"Mtoto wangu hakurogwa," nikasema. "Mtoto wangu alikula unga wa betri zangu. Madaktari walipima damu yake wakaukuta. Mimi ndiye niliyeuleta nyumbani. Aliacha kuanguka kwa sababu niliuondoa, si kwa sababu mtu alifukuzwa."

Mwanamume mmoja mwenye kofia akauliza, "Na Bosibori?"

"Bosibori alimpa ndizi. Hakuna kingine."

"Wewe ulijua haya?"

"Nilijua."

Makori hakupaza sauti. "Ungetuambia siku ile," akasema, akavaa kofia yake, akaondoka. Tangu siku hiyo hadi alipofariki hakuwahi kula kwangu. Tulisalimiana kama watu wanaokutana stendi.

Yule mwanamke hakuguswa. Mtoto wao alipelekwa hospitali, akakutwa na ugonjwa mwingine kabisa, unaotibika. Mimi nilikwenda kwa chifu, nikaeleza yote, akaandika. Hakuna aliyeshtakiwa kwa moto ule, maana hakuna aliyekubali kwamba aliona. Mimi sikuwepo.

Kwamboka sasa ni mtu mzima. Anajua kuosha vyombo vizuri kuliko yeyote nyumbani. Anajua nyimbo za kanisani, sauti ya pili, bila kukosea. Hawezi kutumwa dukani. Akiulizwa umri wake anamtazama mama yake. Daktari alituambia mapema kwamba yaliyoharibika ubongoni hayarudi, na alisema kweli. Mkija hapa anawauliza kama mmenawa mikono, na ninyi mnacheka. Ndilo swali moja lililobaki kati ya yale mengi.

Siku hizi mnafunga betri za lithiamu ambazo hata hazifunguliwi. Mnadhani mambo ya ledi ni ya wazee. Lakini nimepita sokoni nimeona bado kuna mtu anaponda mabamba ya betri nyuma ya kibanda, na mke wake anauza maandazi hatua kumi kutoka pale. Mkimwona, msipite. Mwambieni asifagie unga ule mkavu, aumwagie maji kwanza. Asirudi nyumbani na nguo za kazi, avue huko huko, anawe mpaka kwenye viwiko kabla hajashika mtoto wala mkate. Asiyeyushe pasipo na upepo wa kutosha, na asiyeyushe nyumbani hata siku moja. Aende akapimwe damu. Na akiwaambia anakunywa maziwa, mwambieni mlimjua fundi mmoja aliyekunywa maziwa.

Kuhusu Bosibori. Wiki iliyofuata ile Jumapili nilipanda gari mpaka Nyamarambe. Nilimkuta nyuma ya nyumba ya mkwe wake, anachambua chinsaga, zile mboga chungu tunazozipenda. Alikuwa amekonda. Aliniambia nikae, akamwagiza binti yake aniletee uji wa wimbi. Sikutegemea uji.

"Mtoto yukoje?" akauliza.

Nikamwambia. Nikamweleza na yote, kuanzia unga hadi karatasi, hadi uwanja wa Jumapili. Hakunikatiza. Vidole vyake viliendelea kuchambua, jani zuri huku, bua kule.

"Mama," nikamwambia, "watu sasa wanajua. Shamba lako lipo. Mimi na Nyaboke tutakujengea. Rudi nyumbani."

"Nirudi kwa nani? Waliobeba kiberiti ndio watakaonisalimia njiani." Kisha akasimamisha mikono. "Hiyo karatasi ulipewa lini?"

Nilitamani kumjibu kitu kingine. "Siku nne baada ya moto."

Alihesabu, midomo ikisogea. Mwezi mmoja mmoja.

"Nyumba yangu iliungua kwa muda wa saa moja, Ombati," akasema. "Saa moja hivi, walivyoniambia. Wale walikuwa na hasira na hawakujua. Wewe ulijua, na ulinyamaza miezi minane."

Akarudi kwenye mboga zake. Hakunifukuza. Nilimaliza uji kwa sababu ilikuwa aibu zaidi kuuacha, nikaaga, akaitikia.

Aliishi miaka mitatu tena, akazikwa huko huko, katika shamba la watu, mbali na kaburi la mumewe. Nilikwenda mazishini nikasimama nyuma. Mchungaji, ambaye hakunijua, aliuliza kama yupo jirani wa zamani anayetaka kusema neno juu ya marehemu. Hakuna mwingine aliyetoka Marani. Niliinua mkono, nikapita mbele. Nilisema jina langu, nikasema kazi niliyokuwa nikiifanya, kisha nikawaambia nilijua tangu lini.